Prof Aliyesoma Makatoni

Wenye maduka wa Butembo walimjua kabla sisi wanafunzi wake hatujamjua. Aliingia dukani, akasalimu, akauliza habari za watoto, kisha badala ya kuuliza bei akainama na kugeuza katoni. Iwe katoni ya pasi, ya betri, ya pampu ya maji au ya maziwa ya unga, kwake zote zilikuwa sawa. Alitafuta upande ulioandikwa Kiingereza, akavaa miwani, akasoma toka juu hadi chini kama mtu aliyepata barua ya kwao. Akikuta anachotafuta, alitoa daftari lenye jalada la kijani, akanakili mstari mmoja, akashukuru kwa Kinande, lugha ya hapa kwetu, "Wasingya," akatoka. Hakununua kitu. Mama mmoja mwenye duka la vyombo alizoea kumtania:

"Prof, leo umekula nini kwa karto yangu?"

Naye alijibu bila kucheka, akihesabu vielezi alivyonakili, "Leo nimekula muzuri, mama. Iko adverbe mbili."

Tulimwita Prof wa Anglais, yaani wa Kiingereza, na kadiri miaka ilivyokwenda, Prof tu. Jina lake nalijua, liliandikwa juu ya kila ratiba ya shule, lakini hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, hakuna aliyemwita kwa jina hilo na mimi siwezi kuanza leo. Niseme mapema pia kwamba nilimkosea. Nilimkosea mbele ya mgeni, kwa maneno machache sana, na kwa miaka kadhaa sikupata ujasiri wa kumwambia. Kila ninachokikumbuka juu yake nakikumbuka kupitia siku ile, hata mambo yaliyotokea zamani kabla yake, kwa hiyo nisamehewe nikichanganya la mbele na la nyuma.

Alichokuwa akikiwinda kwenye makatoni ni kitu kimoja tu, na alikiwinda tangu tulipomkuta hadi tulipoachana naye. Ni pale ambapo Kiingereza kinachukua neno la sifa, kinalitangulizia neno jingine la kulikuza au kulipunguza, kisha kinalifungia nyuma kitendo. Alituambia hivi: mtu amechoka, hiyo bado si habari, kila mtu anachoka. Amechoka kiasi gani? Amechoka mno. Amechoka mno hata nini? Hapo aliandika ubaoni "too tired to walk", akageuka akatutazama. Amechoka mno hata hawezi kutembea.

"Angalieni muzuri, batoto. Kwa hii phrase, hapana iko wapi?"

Tulitafuta. Hapakuwa na "hapana".

"Haiko. Mais ule mutu anatembea?"

"Hapana, Prof!"

"Voilà. Imejificha. Weye unasoma unasema yote iko sawa, kumbe mutu amebakia kwa njia."

Alikuwa na imani kwamba Waingereza, watu ambao hajawahi kukaa nao hata siku moja, waliweka huzuni yao yote mahali pale, kati ya neno la sifa na kitendo, kwa sababu ni watu wa haya. Sijui alikitoa wapi kitu hicho. Nimekutana na Waingereza baadaye na sikuona haya nyingi. Lakini darasani, na mvua ya Butembo ikipiga mabati hata tukawa tunamsoma midomo, tuliamini.

Mfano wake wa "too" ulikuwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Ukiipakia viazi ikajaa, inapanda kilima. Ukizidisha gunia moja, haipandi tena, nawe huhitaji kumwambia mtu kwamba haipandi, maana kila mtu anaona. Kwa "enough" alitutoa darasani. Alitupanga mistari miwili akatupeleka kwa miguu hadi soko la Bulengera, wanafunzi thelathini na kitu wenye sare, akatusimamisha mbele ya mama mmoja muuza viazi na kumwomba apime ndoo moja. Mama akajaza ndoo hadi kwenye ukingo, akashika viazi vingine vitatu akavitupia juu bure, kama ilivyo desturi.

"Hii ya juu banaitaka aje?" Prof akauliza.

"Matabishi!" tukaitikia.

"Inakuja mbele ya kipimo, ao nyuma?"

"Nyuma!"

"Donc, 'strong enough'. Nguvu mbele, kutosha nyuma. Mutu mwenye ataweka 'enough' mbele ya sifa, ni kama anaomba matabishi mbele ya kununua. Huyu mama atamufukuza."

Yule mama alikuwa amemsikiliza akiwa ameshika kiuno. "Prof," akasema, "sasa munanunua, ao munasoma tu?"

Akanunua. Alirudi shuleni na ndoo nzima ya viazi kwenye mfuko wa plastiki, nasi nyuma yake tukicheka. Toka siku ile sijawahi kukosea "enough", wala hata mmoja wa darasa letu. Nimeuliza.

Alikuwa mgeni kwetu. Alitumwa na serikali kutoka upande wa magharibi wa nchi, akaja na barua moja na sanduku moja, akidhani atakaa miaka miwili. Kiswahili chake kilibaki na Lingala ndani yake, na watoto wa njiani walimwigiza. Alimwoa mama wa hapa hapa, mwenye ulimi mkali kuliko wa kwake, na hiyo ilimpatia amani na mtaa kiasi fulani. Baridi yetu hakuizoea kamwe. Matope yetu pia. Aliondoka nyumbani amevaa buti za mpira, viatu vyake vya ngozi vikiwa kwenye mfuko mkononi, na kwenye lango la shule alisimama kwa mguu mmoja kama korongo akibadilisha. Tulichelewa makusudi ili tumwone. Alituadhibu kwa kuchelewa, na hakujua kamwe kwa nini tunachelewa.

Kusifu hakukuwa kazi yake. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa "Inatosha." Aliiandika kwa wino mwekundu mwisho wa karatasi, mara mbili au tatu kwa mwaka, na aliyeipata aliipeleka nyumbani wazazi waione. Mimi nilizipata nne katika miaka miwili. Ninazo bado. Wenzangu walisema ananipendelea, na ni kweli alinipendelea, kwa namna yake: alinipa mitihani migumu zaidi na kunibebesha madaftari ya darasa zima hadi nyumbani kwake, nyumba ya sita kutoka kwetu.

Ukali wake haukumzuia kusema ujinga. Kila chakula alichopewa, hata muhogo uliopoa, alikitazama kwanza na kusema kwa sauti ya kanisani, "This is far too hot to eat," yaani ni cha moto mno hata hakiliki, kisha akakila chote. Mke wake alikuwa akimjibu kwa Kinande kitu ambacho hakikutafsiriwa kamwe mbele yetu.

Kuna jambo moja nililoliona kwake ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine. Sisi wa huku tunapenda kuzidisha. Kitu kikiwa kizuri tunasema kimezidi, iwe kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Basi mwenzetu mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba yuko "too happy to see you", akimaanisha amefurahi sana kumwona mwenziwe. Prof alimsimamisha.

"Umefurahi mupaka hauwezi kumuona? Furaha imekupofusha macho?"

Darasa lilikufa kwa kicheko, na yule mwenzetu akapoteza alama mbili. Miezi ikapita. Jumatatu moja Prof aliingia, hakufungua kitabu, akamwita yule yule asimame. Alifungua daftari la kijani. Alikuwa ameikuta Jumamosi, kwenye katoni ya taa za jua: kiwanda kilisema kiko "only too happy to help you", yaani kitafurahi sana kukusaidia, na hakuna aliyepofushwa na furaha.

"Miye nilikosea," akasema. "Bale benyewe banasemaka. Iko na 'only' mbele, haikuwa sawa kabisa na yako, mais nilikucheka, na haikuwa ya kucheka. Unisamehe."

Akamrudishia alama zake mbili mbele yetu sote. Yule mwenzetu hakujua aweke wapi macho. Mwalimu kumwomba mwanafunzi radhi hadharani, hapa kwetu, ni kitu cha kusimulia jioni nyumbani, na tulikisimulia. Wazazi wengine walisema amejishusha. Baba yangu alisema yule ni mwanamume.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hakuna aliyelielewa. Kutoka Butembo hadi mpaka wa Uganda si mbali. Wafanyabiashara wetu wanavuka Kasindi kama wanaokwenda kwa jirani kuomba chumvi, wengine hawajui Kiingereza zaidi ya kuhesabu, na wanarudi na mizigo. Prof, ambaye Kiingereza ndicho kilichokuwa kazi yake na starehe yake na, nadhani, maradhi yake, hakuvuka hata mara moja. Walimwalika. Mmoja alimwambia atampakia bure kwenye lori lake, aende awe msemaji wao huko Kampala. Jibu lilikuwa lile lile: "Nitaenda pale nitakuwa tayari."

Mimi peke yangu niliambiwa kwa nini. Nilikuwa nimempelekea madaftari, naye alikuwa amekaa barazani na redio yake sikioni, akijaribu kukamata kituo cha Waingereza. Kiingereza kilichomfikia kilikuwa kimejaa mikwaruzo, kinakuja na kuondoka, hivyo alikuwa akipata neno moja na kupoteza matano. Akaizima.

"Naogopaka," akasema.

"Unaogopa nini, Prof?"

"Kwamba nitafika, nitafungua kinywa, na ule mutu ataniangalia tu. Nafundisha kitu sijasikiaka kwa kinywa ya mwenyewe. Unaelewa? Kila siku nafundisha. Natamani siku moja tu, moja, niulize mwenye hii luga kitu, na anijibu bila kushangaa."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Nilimwambia atajibiwa tu, kwa nini asijibiwe. Vijana tunaahidi haraka.

Kisha ukaja ule ugonjwa, Ebola, na nyuma ya ugonjwa wakaja wageni wengi wenye magari meupe. Sitasimulia ugonjwa wenyewe. Kila nyumba ya Butembo na Beni ina hadithi yake na nyingine hazijapoa. Nitasema tu kwamba wageni walihitaji watu wa kuwatafsiria, na mji mzima uliowahi kukaa darasani kwa Prof ulikwenda kujaribu. Nilikwenda. Nilikuwa nimemaliza shule zamani kidogo na sikuwa na kazi. Palikuwa nyumba moja kubwa ya kukodi. Langoni tulinawa maji yenye harufu ya klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso, tukakaa kwenye viti vya plastiki vilivyotengana.

Prof alikuwa amekaa mbele yangu viti vitatu. Tulisalimiana. Alikuwa amekwisha kubadilisha viatu, na mfuko wenye buti ulikuwa chini ya kiti chake, umekunjwa vizuri. Alinikonyeza jicho. Katika miaka yote ile hakuwahi kunikonyeza. Nikaelewa kwamba leo ndiyo siku aliyoamua kuwa tayari.

Niliitwa kwanza, kwa mpangilio wa herufi za majina. Mgeni alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, mpole, aliyeonekana hajalala siku mbili. Alizungumza haraka, na nikamwelewa, kwa kuwa wakati Prof akiwinda makatoni mimi nilikuwa nimetazama filamu nyingi kwenye simu ya kaka yangu. Dakika kumi, nikachukuliwa. Nikapewa karatasi za kujaza, nikakaa pembeni ya meza nizijaze. Nilikuwa bado naandika Prof alipoingia.

Alisimama wima, akanyoosha koti, akasema kwamba amefurahi mno kufahamiana naye: "I am exceedingly pleased to make your acquaintance."

Kila neno lilikuwa mahali pake. Hakuna mtu aliyezaliwa leo anayesalimu hivyo, lakini lilikuwa sahihi na zuri, na alikuwa ameliandaa, nadhani, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kijana alitabasamu, si kwa dharau. Akamjibu. Maneno yalitoka yameshikana, kama yanavyotoka kwa mwenye lugha, na niliona uso wa Prof ukitafuta pa kuyakatia. Akaomba radhi, arudiwe. Kijana akarudia, haraka vile vile. Akaomba mara ya pili. Ya tatu. Kisha akajibu swali ambalo halikuulizwa, akieleza kuhusu shule. Kijana akaangalia saa. Nje kulikuwa na watu wengine arobaini.

Akanigeukia, akaniuliza kama namfahamu mzee huyu.

Nikasema, kwa Kiingereza nilichopewa na mzee huyu, kwamba ndiyo, ni jirani yangu.

Haikuwa uongo. Nyumba ya sita kutoka kwetu. Nimejiambia mara nyingi kwamba haikuwa uongo. Nilikuwa na karatasi za kazi mkononi, nikaogopa kwamba nikisema ni mwalimu wangu, yule kijana ataanza kunisikiliza upya, atafute makosa. Ndivyo ilivyokuwa, wala sina namna bora ya kuieleza.

Kijana akasema kwa sauti ya chini, polepole sasa, kwa heshima, kama mtu anayechagua maneno ili asiumize: "Please tell him his English is not good enough to work with us." Nimwambie Kiingereza chake hakitoshi kufanya kazi nao.

Nikamgeukia Prof. Nikasema:

"Prof, anasema hii kazi ni ya batoto. Ni ya kupanda pikipiki siku muzima, kuingia mu matope. Anasema weye uko mutu mukubwa, hawezi kukutesa vile."

Prof alinitazama, kisha akamtazama kijana, kisha akanitazama tena. Akatikisa kichwa taratibu kukubali. "Wasingya," akatuambia sote wawili, akainama, akachukua mfuko wa buti, akatoka.

Nilifanya kazi ile hadi ugonjwa ulipokwisha. Nilisifiwa. Kila jioni nilipita mbele ya nyumba yake, na ikiwa alikuwa barazani nilisalimu huku natembea. Kabla ya mwaka kwisha tulisikia kwamba amemwomba mkuu wa shule amwondolee masomo ya Kiingereza, ampe somo la uraia. Baadaye tukasikia amepelekwa Beni. Siku walipopakia vitu nilikuwa kazini, au nilijifanya niko kazini. Nyumba ile imepangwa na fundi cherehani sasa. Madukani, wenye maduka waliniuliza kwa muda mrefu: yule Prof wenu yuko wapi, mbona haji kusoma? Nilimkumbuka sana. Nilitamani hata kuchelewa langoni ili nimwone. Wageni waliondoka, mimi nikafungua duka la vifaa vya simu, naandikiana na watu wa mbali kwa Kiingereza kila siku, na hakuna siku nimeandika sentensi ndefu bila kumwona amesimama nyuma yangu na wino mwekundu.

Mwaka huu nilikuwa na mteja Beni. Barabara ilikuwa tulivu wiki ile. Nikapeleka mzigo, nikamaliza mapema, nikamwuliza mtu wa pikipiki kama anajua mwalimu mgeni anayefundisha uraia, mwenye mke Mnande mwenye maneno. Akacheka. Alijua mke.

Beni kuna joto, na nilimkuta hana koti. Hilo lilinishangaza kuliko mvi. Alikaa barazani akisahihisha karatasi za uraia. Aliponiona alisimama, akasema "Mama, karibu," na neno lile lilinichoma, kwa sababu zamani aliniita mtoto. Mke wake alileta chai na mikate ya mafuta. Akauliza habari za Mususa nyumba kwa nyumba, akamaliza, akatuacha.

Nikaona nikisubiri chai iishe nitaondoka bila kusema.

"Prof, iko kitu nilikuja kukuambia. Ile siku, kwa bale bazungu. Kile nilikuambia, ule mutu hakukisema."

"Najua."

"Unajua?"

Akaweka kikombe chini. "Nilisikia. Ile yote alisema mbele, sikushika kitu. Ilipita tu. Mais ile ya mwisho, alisema polepole, niliisikia yote, neno moja moja, mupaka mwisho. Unajua nilifanya nini kwa roho? Nilifurahi. Haki ya Mungu. Nilisema, kumbe naweza! Ni ya kwanza kwa maisha yangu. Nyuma ndiyo nikasikia inasema nini."

Sikuweza kumtazama. "Na ile ya jirani?"

"Na ile ya jirani."

Kuku walipita kati yetu. Nilimwomba anisamehe, nikasema yote: karatasi, woga, miaka. Nililia ovyo. Alinisikiliza kama alivyosikiliza majibu ya mtihani wa mdomo, bila kunisaidia.

"Ya ule kijana haikunikwaza," akasema mwisho. "Ilikuwa kweli. Anglais yangu haikutosha kwa ile kazi, basi. Yako ndiyo sikujua niiweke wapi. Yote ile niliyofundisha, mutoto niliyemufundisha muzuri zaidi, akanionea huruma. Nikajiuliza, donc ni nini nilikuwa nafanya pale mbele yao? Nikaacha."

"Urudie, Prof. Urudie kufundisha."

Aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na daftari la kijani. Si moja, yalikuwa manne, yamefungwa kwa mpira. Akavaa miwani.

"Nitasoma. Weye unaniambia kama ndivyo banasemaka. Hapana kunihurumia."

Akaanza. Alisoma zile sentensi alizokuwa amenakili kwa miaka yote ile dukani, na mimi nikamwambia ukweli. Neno la uzito, "heavy", alikuwa akilitamka "hivi", na ndivyo alivyolifundisha kwa kila darasa lililopita mikononi mwake. Nikalitamka. Akalirudia, akaandika juu yake kwa kalamu ya bic nyekundu jinsi lisikikavyo. Sentensi ya pili makosa mawili. Ya tatu moja. Kuna moja nilimwambia kwamba sijamsikia mtu yeyote akiisema, labda walioisema wamekufa. Alicheka kidogo, akaikata. Jasho lilimtoka. Kila nilipomsahihisha nilijua anawaona wanafunzi wake mmoja mmoja, wamesambaa Goma, Kampala, Kinshasa, kila mmoja akisema "hivi". Mara kadhaa nilitaka kuiacha ipite. Sikuiacha.

Ukurasa ukawa mwekundu. Akageuza. Sentensi iliyofuata ilitoka kwenye katoni ya pampu, ikisema maji si safi kiasi cha kunywewa: "The water is not clean enough to drink." Akaisoma.

Ilikuwa safi. Mlio, mkazo, yote. Hata yule kijana mwenye ndevu angeisema hivyo hivyo.

"Hii, Prof, hakuna kitu ya kubadilisha. Umeisema sawa kabisa."

Bic ilikuwa imekwisha shuka kwenye karatasi. Akaiinua. Akanitazama juu ya miwani, muda mrefu, na sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda.

"Ni kweli? Ao unanihurumia tena?"

"Ni kweli."

"Sema yako, nisikie."

Nikaisema. Akaisema. Zilikuwa sawa, mtoto mdogo angesikia kwamba ni sawa. Akaisema tena, ameinamisha kichwa, kama anayejisikiliza kupitia ukuta. Nikamwambia naapa. Akasema hapana kuapa.

Aliiweka ile bic nyekundu kando. Akapapasa mfukoni mwa shati, akatoa kipande cha penseli, na pembeni ya sentensi ile akaweka alama ndogo ya vema, hafifu, ya kuweza kufutika. Kisha akachukua bic tena, akasoma iliyofuata.